Albamu ya kwaya: tuipandishe kwa DistroKid, CD Baby au RouteNote?

bassi_wa_Ipagala
Wakuu habari za jioni. Kwaya yetu imemaliza kurekodi albamu ya nyimbo nane na kamati imenipa kazi ya kutafuta njia ya kuzifikisha Spotify, Apple Music, Boomplay na kwingineko. Nimebakiza kampuni tatu za kusambaza muziki. DistroKid unalipia kwa mwaka, zaidi kidogo ya dola 20, unapandisha nyimbo hata mia na hawakati kitu kwenye mapato. CD Baby unalipa mara moja kwa kila toleo halafu wanachukua asilimia 9 ya kinachoingia. RouteNote wana mpango wa bure kabisa ila wanabaki na asilimia 15. Sisi tunatoa albamu moja labda kila baada ya miaka miwili mitatu, na hela yetu ni michango ya wanakwaya, kwa hiyo kitu cha kulipia kila mwaka kinanipa wasiwasi. Wenye uzoefu naombeni mwongozo.

ProdyuzaKirumba
Mkuu wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Hapa studio vijana wa singeli wote nawapeleka DistroKid maana wanaachia ngoma kila mara, ile ada hata hawaisikii. Kwaya ni habari nyingine. Ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kushushwa, labda ununue kile kitu chao cha Leave a Legacy, dola 29 kwa singo, dola 49 kwa albamu. Sasa jumlisha na ada ya mwaka, unagusa dola 70 na kitu kwa albamu moja tu. CD Baby mpaka ile asilimia 9 ifikie kiasi hicho, albamu iwe imeshaingiza zaidi ya dola 770, na siku hiyo ikifika hakuna mwanakwaya atakayelalamika.

mama_alto
Kaka Prodyuza kasema kweli, naongeza jambo ambalo linaumiza kwaya nyingi. Uongozi wetu unabadilika. Kuna kwaya ya jirani, akaunti ilifunguliwa kwa imeili binafsi ya katibu na kadi ya benki ilikuwa yake, akahamishiwa Kigoma kikazi, kadi ikaisha muda, ada ikakwama na nyimbo zote zikashuka, na kila wakijaribu kuingia namba ya uthibitisho inakwenda kwenye laini yake ambayo haipo hewani. Miaka ya kazi ya watu thelathini. Fungueni imeili ya kwaya, laini ya kwaya, na paswedi iandikwe kwenye daftari la kamati. Halafu muandikishane mapema na mwalimu aliyetunga nyimbo anapata nini, msingoje hela iingie.

KijanaWaNakuru
Wadau, mimi naona mnaiacha RouteNote haraka sana. Tangu 2024 Spotify hawalipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa nyimbo nane za kwaya mpya, pengine mbili ama tatu ndizo zitavuka hapo. Sasa mbona mlipe kabla hamjajua? Anzeni bure, mkiona watu wanasikiza mnahama. Ubaya wake ni hawatumi pesa mpaka ifike dola 50, hiyo mnaweza ngoja sana.

bassi_wa_Ipagala
Tukihama si tunaanza upya kuhesabiwa?

ProdyuzaKirumba
Hapana, mkihama vizuri. Kila wimbo una namba yake ya ISRC, herufi na tarakimu 12, ziandikeni pembeni kabla hamjagusa chochote. Kule mnakohamia mnaweka namba zilezile, sauti ileile, majina yaleyale bila kuongeza hata nukta, mnasubiri zionekane ndipo mnashusha za zamani. Ila kwa kwaya mimi bado nasema CD Baby, kuhama kunataka mtu mwenye subira na muda, na kwenye kamati huwa hapatikani.

Na kabla ya bei fungua ukurasa wa malipo uone hela itakufikiaje ulipo, na makato ya benki ni kiasi gani. Kampuni za Marekani kama CD Baby na DistroKid zitakuletea fomu ya kodi ya W-8BEN, ijaze. Tanzania na Kenya hatuna mkataba wa kodi na Marekani kwa hiyo mapato yanayotoka kwa wasikilizaji wa kule yanakatwa asilimia 30, hilo lisiwashtue.

bassi_wa_Ipagala
Asanteni sana, moyo umetulia. Napeleka CD Baby kwenye kamati Jumamosi baada ya mazoezi, na imeili ya kwaya nafungua leo hii. Kava tunayo tayari, ileile ya kwenye bango la uzinduzi, ina picha ya kwaya nzima na namba za simu za mwenyekiti na katibu chini.

mama_alto
Mwanangu hizo namba zitoeni. Kava yenye simu au linki wanairudisha, na mtapoteza siku bure. Iwe mraba, piseli 3000 kwa 3000, picha, jina la kwaya na jina la albamu basi. Mwambieni aliyewatengenezea bango awape faili halisi, msikate ile iliyopita WhatsApp, inakuwa na ukungu.