Miaka 42, AMH 0.9: ni nini hasa kinachoamua IVF (kurutubisha yai maabara) ishike au isishike?

NuruAsubuhi:
Wajuzi, habari zenu. Mwanamke ana miaka 42, AMH (homoni inayoonyesha akiba ya mayai) 0.9 ng/ml, FSH (homoni inayokuza mayai) ya siku ya 3 ya hedhi ni 11, na ultrasaundi imeonyesha vifuko 6 vya mayai kwa ovari zote mbili. Mbegu za mume bado hazijapimwa. Kabla ya kuanza IVF, lipi lina uzito na lipi ni kupoteza muda?

maabara_ya_siku5:
Dada Nuru, lenye uzito kuliko yote ni umri wa yai. AMH na vifuko vinakuambia mayai yatapatikana mangapi tu, ubora wake havisemi. Mayai huumbika mwanamke angali tumboni mwa mama yake, kwa hiyo yai la leo lina miaka yake 42. Vishikizo vya kromosomu vimelegea, na yai likikomaa mgawanyo unakwenda kombo. Kwenye miaka 40, zaidi ya nusu ya viinitete (mayai yaliyorutubishwa yanayokua) vina kromosomu zilizozidi au kupungua. Kufika 43, ni zaidi ya robo tatu. Vingi havishiki, na vikishika mimba hutoka mapema.

Sasa piga hesabu ya vifuko 6: mayai 5, yaliyokomaa 4, yaliyorutubishwa 3, kinachofika siku ya 5 ya kukua maabara labda kimoja. Ndiyo maana wengine huvuna mizunguko 2 au 3 na kugandisha viinitete kabla ya kupandikiza.

Bi_Sindano:
Hesabu hiyo ni sahihi, ila watu huikimbilia kwa dozi kubwa. Kupita yuniti 300 za FSH ya sindano kwa siku, mayai hayaongezeki kwa maana. Dawa haiumbi kifuko ambacho hakipo. Panapoharibika zaidi ni saa. Sindano ya mwisho ya kukomaza mayai hupigwa saa 34 hadi 36 kabla ya kuvuna. Ikichelewa kwa saa kadhaa, mayai hutoka mabichi au hayabanduki kwenye ukuta wa kifuko. Tega kengele, andika saa kamili uliyopiga, na ukikosea piga simu kliniki usiku huohuo.

Kizazi_na_Mirija:
Naongeza upande wa kizazi. Mrija ulioziba na kujaa maji hupunguza nafasi karibu kwa nusu, kwa sababu maji hayo hurudi kizazini. Uondolewe au ufungwe kabla ya kupandikiza. Fibroidi (uvimbe wa misuli ya kizazi) iliyoingia ndani ya uwazi wa kizazi itolewe; iliyoota nje ya ukuta iachwe. Kama upasuaji ni lazima, vuna mayai kwanza, gandisha, ndipo upasuliwe, maana kupona huchukua miezi na ovari haisubiri. Uvimbe wa endometriosisi (tishu kama ya ukuta wa ndani wa kizazi inayoota nje yake) kwenye ovari usikimbiliwe kisu: hubeba mayai pamoja nao.

Mbegu zipimwe wiki hii. Tezi ya shingo, sukari na presha pia. Sigara iachwe, na asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku ianze sasa.

NuruAsubuhi:
Asanteni sana. Na kupima kromosomu za kiinitete, kunaongeza nafasi?

maabara_ya_siku5:
Hakukitibu kiinitete, kunachagua tu. Kwenye viinitete vinne, kunakuepusha na kupandikiza bure na mimba kutoka. Kwenye kimoja, faida ni ndogo, na waweza kubaki mikono mitupu. Kwa mayai ya mchangiaji hali hubadilika kabisa: nafasi hufuata umri wa mchangiaji, hata kizazi kikiwa cha miaka 45. Hapo pandikizeni kiinitete kimoja kimoja, mapacha kwa umri huo huleta presha na kuzaa njiti.

Bi_Sindano:
Na kliniki ikikutajia asilimia, uliza ni asilimia ya nini. Unayoitaka ni ya watoto waliozaliwa hai kwa kila mzunguko ulioanzwa, kwa wanawake wa miaka 41 hadi 43 waliotumia mayai yao wenyewe. Ya vipimo vya mimba kwa kila upandikizaji huwa inapendeza zaidi, kwani walioishia njiani hawahesabiwi.