Naomba ushauri: nitawapataje watu wa mhadhara wa Siku ya Afya Duniani?

Wakuu, habari zenu. Nimekabidhiwa kuandaa mhadhara wa wazi wa skuli yetu ya afya ya jamii tarehe 7 Aprili, siku ambayo katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika mwaka 1948. Mzungumzaji ni mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea. Ataanza na kipindupindu cha London cha 1854, jinsi daktari John Snow alivyoweka vifo kwenye ramani, vikaonekana vimezunguka pampu ya maji ya Broad Street. Mada tamu kwelikweli.

Shida ni watu. Mihadhara yetu huja wanafunzi wa uzamili, wanasaini karatasi ya mahudhurio, na nusu yao wanayeyuka kabla ya maswali. Viti vya mbele tunabaki walimu watupu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ndio hasa inawahusu, hata taarifa hawapati. Bosi wangu anasema tangazo ubaoni linatosha (linamtosha nani, sijui).

Niupeleke jioni baada ya kazi, au niutoe nje ya chuo kabisa? Bajeti ni ya maji na vitafunwa tu. Mliowahi kuandaa shughuli kama hii, nipeni mbinu.