Naomba ushauri: tawi la nanotyubu linaziba, ni kuziba kweli au nimeliziba mwenyewe?

Kisima_cha_Kaboni
Wakuu, heshima kwenu. Wiki ya tatu hii nahangaika na jambo moja na sasa nimekwama.

Nachuja mchanganyiko wa methani na salfa heksafloridi (SF6) kwa nanotyubu ya kaboni (mrija mwembamba sana wa atomu za kaboni) yenye umbo la Y. Shina ni (12,12), tawi moja lina unene huohuo, jingine ni (6,6); namba zikiwa ndogo, mrija ni mwembamba zaidi. Natumia LAMMPS, programu ya simulesheni ya molekuli, halijoto kelvini 300, hatua ya femtosekunde 1. Kuta nimezigandisha, kidhibiti joto cha Nosé-Hoover (kanuni inayoshikilia halijoto) kiko kwenye gesi yote, na pistoni ya grafini inasukuma kwa megapaskali 200.

Mwanzoni methani inapita tawi jembamba bila shida. Ikikaribia nanosekunde 2, SF6 moja inakuja kukaa mdomoni. Nimeitazama fremu kwa fremu kwenye VMD, programu ya kuonyesha molekuli: florini tatu zimeingia ndani ya tawi, tatu ziko nje, na molekuli inazunguka palepale kama kizibo kinachopwaya, lakini haichomoki. Nyuma yake methani zinapanga foleni. Mtiririko unabaki sifuri hadi nanosekunde ya 5, ninapokatisha. Nikibadilisha kasi za mwanzo, mara inaziba, mara haizibi. Sitaki kuandika kwenye tasnifu kwamba "tawi limeziba" kumbe ni mipangilio yangu. Nishaurini.

Mzee_wa_Femto
Kipenyo cha tawi umekipimaje?

Kisima_cha_Kaboni
Nanomita 0.81 kutoka kiini hadi kiini, mzee wangu. Nikitoa 0.34 ya unene wa atomu za kaboni inabaki 0.47. Methani ina 0.38, SF6 ina 0.55.

Mzee_wa_Femto
Vizuri, hapo uko sawa. Sasa tazama presha yako. Mdomo wa nanomita 0.47 una eneo la takriban nanomita za mraba 0.17. Megapaskali 200 juu ya eneo hilo ni pikonyutoni 35 hivi zinazoishindilia SF6 tawini. Ili ichomoke lazima irudi nyuma, tuseme nanomita 0.3, dhidi ya kani hiyo. Piga hesabu: ni kama 2.5 kT (kT ni kipimo cha nishati ya joto la molekuli), juu ya mvuto wa ukuta wenyewe. Kwa makadirio hayo muda wa kuchomoka unarefuka kama mara 12! Kwa megapaskali 20 nyongeza ni robo ya kT tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kizibo chako inashikiliwa na pistoni. Endesha kwa presha nne au tano tofauti uone muda wa kuziba unavyobadilika, kisha ufuate mwelekeo huo kuelekea presha ndogo. Najua presha kubwa inatuokolea muda wa kompyuta, sote tunaitumia, ila kwenye suala la kuziba inadanganya kuliko kwenye mtiririko wa kawaida.

PembeSaba
Mkuu, mimi naona tatizo kwenye kuta. Panda ya matawi matatu haiwezi kujengwa kwa pembesita za kaboni peke yake, inahitaji ziada ya pembesaba sita, na hapo ukuta unapinda kama tandiko la farasi. Ukiugandisha, mdomo haupumui. Funga kila kaboni kwa springi laini kwenye nafasi yake, au tumia Tersoff, modeli ya vifungo vya kaboni, kama una muda. Kisha ondoa kidhibiti joto kwenye gesi ukiweke kwenye ukuta. Kwenye nanotyubu iliyonyooka unaweza kudhibiti kasi za pembeni tu ukauacha mwelekeo wa mtiririko huru. Kwenye Y kila tawi lina mwelekeo wake, ujanja huo haufai.

Jaribu pia kugusa kidogo nguvu ya mvuto kati ya kaboni na florini. Mtafiti Hummer na wenzake mwaka 2001 walionyesha kuwa badiliko dogo la mvuto kati ya kaboni na maji lilitosha kuifanya (6,6) iliyojaa maji ianze kubadilika ghafla, mara tupu, mara imejaa. Jibu lako likigeuka kwa badiliko dogo, msomaji ana haki ya kujua.

Nasibu20
Simulesheni moja haisemi kitu. Endesha angalau 20 zenye kasi tofauti za mwanzo, andika kila kuziba kulidumu muda gani, kisha chora sehemu ya zilizodumu zaidi ya t, mhimili wima uwe wa logi. Mstari ukinyooka, kuna kizingiti kimoja cha nishati na wastani una maana. Ukiwa na mkia mrefu, wastani utazidi kukua kadiri unavyorefusha simulesheni. Kundi la mtafiti Iker Zuriguel mwaka 2014 lilikuta mikia ya namna hiyo kwa punje, kolloidi, hata kondoo wanaopita mlangoni. Zile ambazo hazijazibuka hadi mwisho usizitupe, zihesabu kama "zaidi ya nanosekunde kadhaa".

Kisima_cha_Kaboni
Wakuu, nimerudi. Megapaskali 20, springi ukutani, simulesheni 20 za nanosekunde 10. Zote ziliziba wakati fulani, 14 zikazibuka zenyewe. Katika zile sita zilizobaki, nne zina SF6 ya pili iliyojibana kwenye panda nyuma ya ya kwanza, na hilo sikuwahi kuliona kwa megapaskali 200 kwa sababu nilikuwa natazama mdomo tu. Mzee wa Femto, shukrani sana kwa ile hesabu. Hizo sita naziendeleza hadi nanosekunde 50, nitaleta grafu.

PembeSaba
Kwenye hizo nne angalia kama SF6 ya pili imekaa juu ya pembesaba.