Mafunzo ya ufuatiliaji wa magonjwa ngazi ya awali: mtu wa zahanati ajiandae vipi? (Kigoma)

tabibu_mwambao:
Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa ufuatiliaji wa magonjwa kwenye zahanati moja ya mwambao wa ziwa, wilaya ya Uvinza. Naomba kueleweshwa kuhusu yale mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani (kufuatilia na kuchunguza magonjwa katika jamii) ngazi ya awali. Yanaendaje, na nijifunze nini mapema ili nisiende darasani mikono mitupu? Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kipindupindu, maana wavuvi wanahama mwalo hadi mwalo na sijui niwaandikeje.

Mchunguzi_Kasulu:
Karibu sana, ndugu. Ngazi ziko tatu. Ya awali ni kama miezi 3, ya kati ni miezi 6 hadi 9, na ya juu ni miaka 2, ambayo hapa kwetu ni shahada ya uzamili kupitia Muhimbili. Programu ya Tanzania ilianza 2008. Jina lako kwa kawaida linapitia kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, kwa hiyo anza kwa kuongea na mratibu wa wilaya.

Ngazi ya awali sehemu kubwa hufanyika kituoni kwako. Mnakaa darasani siku chache, mnarudi vituoni wiki kadhaa na kazi mkononi, mnakutana tena kuwasilisha, mnarudi tena. Kazi itakayokutoa jasho ni ukaguzi wa ubora wa takwimu, na hiyo unaweza kuianza hata leo. Chukua MTUHA kitabu namba 5 (rejista ya wagonjwa wa nje), chagua magonjwa mawili, tuseme kuhara damu na surua, na wiki 4 zilizopita. Hesabu upya mgonjwa mmoja mmoja, kisha linganisha na namba iliyotumwa wilayani. Zikipishana, usiishie kuandika "hazilingani". Tafuta chanzo chake. Mara nyingi ni hivi: hudhurio la marudio limehesabiwa kama mgonjwa mpya, aliyeandika ameweka "kuhara" tu bila kusema kuna damu au hakuna, au wiki imekatwa vibaya. Wiki yetu inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, hata kama mwezi umeishia Jumatano.

Tazama pia safu ya makazi. Anayeandika kwa haraka huweka alama za "kama hapo juu" kuanzia mstari wa pili hadi chini, halafu ukurasa mpya nao unaanza na alama zilezile. Hapo kijiji cha mgonjwa kimepotea, na mlipuko ukija huwezi kuchora ramani.

mwalo_kwa_mwalo:
Hilo la wavuvi lina dawa. Kwenye orodha ya wagonjwa (mstari mmoja, mgonjwa mmoja) usiweke safu moja ya "anakotoka". Weka mbili: kijiji cha nyumbani, na mahali alipolala na kunywa maji siku 5 kabla ya kuanza kuhara. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5, kwa hiyo safu ya pili ndiyo itakayokupeleka kwenye chanzo. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani wakati wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwaka, na wengi ndipo wanaporudi kwao. Mtu anaweza kuugulia Ilagala ilhali maji aliyakunywa mwalo mwingine kabisa.

Safu nyingine: umri, jinsia, tarehe ya kuanza kuugua (siyo tarehe ya kufika zahanati, watu huzichanganya hizi mbili kila mara), kiwango cha upungufu wa maji, sampuli imechukuliwa au la, matokeo, amepona au amefariki.

Halafu usidanganywe na idadi. Mfano wa kujifunzia: kijiji cha watu 3,200 kina wagonjwa 24, mwalo wa watu 640 una wagonjwa 16. Ukitazama haraka utakimbilia kijijini. Gawanya: kijiji ni 0.75%, mwalo ni 2.5%. Timu ya maji na klorini ianzie mwaloni.

Na ushike tafsiri ya mgonjwa anayeshukiwa. Pale ambapo mlipuko haujatangazwa, ni mwenye miaka 2 au zaidi anayeharisha majimaji ghafla na kuishiwa maji kwa kiwango kikali, au aliyefariki kwa kuharisha hivyo. Mlipuko ukishatangazwa, yeyote anayeharisha majimaji ghafla anaingia kwenye orodha.

Maabara_Kgm:
Niongeze la sampuli, maana hapa ndipo kazi nzuri ya wiki nzima inapoharibika.

Kipindupindu: chukua kabla ya kumpa mgonjwa antibayotiki, lakini maji ya ORS na dripu visisubiri sampuli hata dakika moja. Chovya kijiti kwenye kinyesi, kiingize ndani ya chupa ya Cary-Blair (dawa ya kutunza vimelea safarini) mpaka kizame, vunja mpini unaobaki nje, funga. Andika jina, umri, tarehe na saa kwenye chupa yenyewe, siyo kwenye mfuniko. Isafirishe kwenye joto la kawaida la chumba, usiiweke kwenye barafu. Kipimo cha haraka kikionyesha chanya, toa taarifa siku hiyohiyo, ila uthibitisho unatoka kwenye kuotesha vimelea maabara.

Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla (anayeshukiwa polio) ni kinyume chake. Huyo anahitaji sampuli mbili za kinyesi, zipishane saa 24 hadi 48, zote ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze. Kila moja iwe ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima, na zikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 safari nzima. Zinaenda maabara mpaka Entebbe, Uganda, kwa hiyo barafu ikiyeyuka njiani mtoto hawezi kurudishwa nyuma siku 14. Kibebeo cha sampuli kiwe na alama yake, kisirudi kwenye chanjo kamwe.

tabibu_mwambao:
Asanteni mno. Swali la mwisho: wiki nisipopata mgonjwa yeyote, nitume nini?

Mchunguzi_Kasulu:
Tuma sifuri. Ukikaa kimya, wilaya haiwezi kujua kama hakuna ugonjwa au hakuna mtandao. Tena utaulizwa hesabu hii darasani: vituo 40, taarifa zilizofika 36, zilizowahi 28. Ukamilifu ni 90%. Kuwahi ni 28 kwa 40, yaani 70%, chini ya lengo la 80%. Wengi wanagawa kwa 36 wanapata 78%, na vituo vinne vilivyonyamaza vinatoweka kwenye hesabu.

Ila magonjwa ya kutolewa taarifa papo hapo, kama kipindupindu, surua na homa za kutoka damu, hayangoji Jumatatu. Piga simu wilayani ndani ya saa 24 hata kama ni mmoja na hujathibitisha. Marburg, mojawapo ya homa hizo za kutoka damu, ilitangazwa Biharamulo mkoani Kagera Januari 2025, na hapo si mbali na Kakonko ya mkoa wetu. Tetesi ya vifo viwili nyumba moja iandike kwenye daftari la tetesi: nani kasema, lini, wapi, umefuatilia saa ngapi, umekuta nini.