Naomba ushauri: vibao vya trekta vimechorwa kombo

Wadau, salaam kutoka Malindi. Nina kiduka cha mapambo, na mwezi uliopita nilichukua vibao 12 vya bati vya kutundika ukutani, vyenye picha za trekta za zamani. Kwa mbali vinavutia kweli.

Juzi akapita mzee mmoja wa Ganda aliyewahi kuendesha trekta mashambani. Akakitazama kibao kimoja, akacheka mpaka akakaa. Kimeandikwa "Massey Ferguson 1948", trekta nyekundu. Kumbe mwaka huo jina hilo halikuwepo! Kampuni za Massey-Harris na Ferguson ziliungana 1953. Kwa umbo ile ni Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, nayo ilitoka kiwandani kijivu tupu. Tena plau imefungwa kwa mnyororo, ilhali sifa kubwa ya Ferguson ni ile mikono mitatu ya nyuma inayobeba plau na kuiinua kwa haidroliki. "Sasa hii ni trekta au ng'ombe?" akaniuliza.

Muuzaji wa jumla anasema ni pambo tu, nani ataangalia? Lakini baadhi ya wateja wangu ni wageni wazee wanaokusanya vitu hivi, na hao huangalia mpaka nati.

Nifanyeje? Nimng'ang'anie avichukue, nimpe fundi wa rangi avirekebishe, au niviuze bei ya chini nikisema wazi vina kasoro? Na mwenye picha halisi ya trekta nyingine, Fordson Major ya miaka hiyo, ile ya bluu yenye ringi za rangi ya chungwa, anitumie. Kwenye kibao changu cha Fordson ringi ni nyeupe.