Wenye biashara ndogo Uganda, tupeane uzoefu: tovuti ilikufaa au ilikula hela yako?

mama_vitenge
Habari zenu ndugu zangu. Leo nimewasha simu yangu ya zamani kutafuta namba, nikakutana na picha ya ukurasa wangu wa Facebook. Wafuasi 11,400. Nilikaa kwanza.

Wa Kampala mnaikumbuka Januari 2021. Tarehe 12 mitandao ikafungwa, kesho yake jioni intaneti yote kimya, na kura ni tarehe 14. Mimi marobota matatu ya vitenge yameshuka soko la Kikuubo juzi yake, mengine ya mkopo. Intaneti ilirudi tarehe 18, WhatsApp ikarudi Februari, Facebook ikabaki imefungwa miaka. Wateja wangu wa Gulu, Mbale, Mbarara walikuwa humo humo, wengi sina namba zao, maana tulikuwa tunaandikiana kwenye ukurasa. VPN, ile programu ya kuzunguka kufungiwa, niliweka siku ile ile. Lakini muuzaji mwenye VPN na mteja asiye nayo, mnakutana wapi? Nilikuwa naweka picha za vitenge najipendea mwenyewe.

Sasa binti yangu anasema nitengeneze tovuti. Baba yake anasema ni hela ya kutupa. Mliotangulia mnasemaje?

boda_mstaafu
Pole mama. Na tulikuwa tunalipia kodi ya shilingi 200 kila siku kuingia humo humo.

mama_vitenge
Usinikumbushe ssebo. Tangu Julai 2018. Kuna siku nililipa 200 nikauza hewa.

mchele_Busia
Tovuti ya nini? Nauza mchele Busia miaka 22. Mteja wangu anakuja na baiskeli, anashika mchele, anaunusa, anatafuna punje mbili, analipa. Hiyo tovuti ataitafuna?

cherehani_Arua
Mzee wa Busia umenichekesha, lakini acha niseme yangu.

Mimi nashona sare za shule. Mafundi watano, cherehani saba, moja mbovu. Mwaka juzi shirika moja la misaada likatafuta mtu wa kushona sare 1,200 za watoto wa kambini. Waliniona sokoni, wakapenda kazi, wakaniambia jaza fomu. Sehemu ya tatu: anwani ya tovuti. Nikaandika "hakuna". Barua pepe, nikaandika ile aliyonifungulia mpwa wangu akiwa sekondari, ina jina la mchezaji wa Arsenal na tarakimu. Naiona ile fomu mpaka leo.

Kazi alipewa mtu wa Kampala. Baadaye akanipigia mimi! Nimshonee 700 kwa bei ya chini, yeye achukue cha juu. Nilishona, watoto wangu nao wanakula. Lakini kila kifungo nilichoshona nilijua ni cha nani na faida ni ya nani.

Sasa nina ukurasa mmoja tu. Picha sita, bei za jumla, ramani ya duka, namba ya simu, na barua pepe yenye jina la duka. Jina la .com nalipia kama 65,000 kwa mwaka. Tangu hapo nimepata mteja wa Yei, Sudan Kusini, na mwingine wa Ariwara, Kongo, wote walinitafuta kwenye Google. Wawili si wengi, lakini mmoja alichukua sare 300.

mchele_Busia
Wewe unauza kwa mashirika. Mimi nauza kwa watu.

kijana_wa_karatasi
Mzee wangu, kwa heshima, hata huyo wa baiskeli mtoto wake ana simu janja. Miaka mitano ijayo mtoto ndiye atakayenunua mchele. Mimi natengeneza tovuti hapa Nasser Road, nyepesi kabisa, hazili bando

mchele_Busia
Nilijua tu. Nilikuwa nasubiri ulitaje duka lako.

kijana_wa_karatasi
Sijalitaja duka, nimetaja barabara!

simsim_Lira
Vijana wa tovuti mnatuchosha. Wangu alinitoza 800,000, kazi nzuri, sikatai. Mwaka wa pili nimempigia simu, haipokei. Kumbe jina la tovuti alilisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Limekwisha muda, tovuti imezimika, na mimi siwezi hata kuilipia. Alipopatikana akataka 500,000 "za kuhamisha". Niliacha. Nikanunua jina jingine, nikaongeza herufi moja. Mifuko yangu 2,000 ya kufungia simsim bado ina anwani ya zamani, nawaambia wateja wasiisome.

kijana_wa_karatasi
Huyo si mwenzetu.

simsim_Lira
Ni mwenzenu. Anakaa barabara hiyo hiyo.

mpita_njia_Jinja
Tuseme ukweli lakini. Mama, intaneti ilipozimwa nchi nzima, hata tovuti yako usingeifungua. Labda shangazi yako wa London angeiona.

mama_vitenge
Kweli. Lakini ile ilikuwa siku tano. Facebook ni miaka. Tovuti ingekuwepo siku ya sita.

hajati_Bombo
Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyo wa Facebook hata nduguyo si.

gesti_FP
Nilikuwa nasoma tu kimya, lakini hapa imenibidi niandike.

Nina gesti ndogo Fort Portal, vyumba vinane. Desemba, tarehe 23, saa nne usiku, mvua ya kwetu ile mnaijua. Geti linagongwa. Natoka na mwavuli, nakuta gari limejaa: baba, mama, bibi mmoja, watoto wanne, mdogo amelala begani. Baba ananyoosha simu. Ametuma 540,000, vyumba vitatu, siku tatu. Jina la gesti ni langu. Picha ya geti ni yangu. Kwenye picha ya ngazi amekaa paka wangu. Namba iliyopokea pesa si yangu.

Mtu alichukua picha zangu zote, akafungua ukurasa wenye jina letu, akaongeza neno "rasmi". Na usiku ule vyumba vyote vimejaa.

Yule baba aliniita mwizi mbele ya wageni wangu. Sikumjibu, ningejibu nini? Paka yuko pale kwenye ngazi anatuangalia, ushahidi anao yeye. Mama wa watoto ameanza kulia. Bibi yeye aliuliza neno moja tu: "Mwanangu, choo kiko wapi?"

Nikawaingiza. Bibi na watoto wakalala chumbani kwangu, mama sebuleni, baba kwenye gari kwa hasira zake. Mimi nikakaa jikoni mpaka alfajiri. Asubuhi, akinywa chai, ameshapoa, akaniuliza: "Nyabo, kama huu si ukurasa wenu, wenu ni upi?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilikuwa na kurasa tatu. Moja nimesahau neno la siri, moja ina jina la zamani, moja aliifungua mfanyakazi aliyeacha kazi. Hata mimi ningetapeliwa na gesti yangu mwenyewe.

boda_mstaafu
Yesu wangu. Pesa zilirudi?

gesti_FP
Tuliripoti pamoja asubuhi ile. Namba ilikuwa imeshazimwa.

hajati_Bombo
Na paka?

gesti_FP
Yupo, amenenepa.

mchele_Busia
Haya, lakini tapeli naye si anaweza kutengeneza tovuti? Akaandika "rasmi" pia?

gesti_FP
Anaweza mzee wangu. Ndiyo maana anwani nimeipaka rangi kwenye geti, iko kwenye risiti na kwenye kibao cha barabarani. Namba ya malipo inakaa kwenye tovuti peke yake, na nimeandika juu kabisa: usitume kabla hujanipigia nikakuambia jina la paka.

mchele_Busia
Hapo sawa. La paka nimelikubali.

cherehani_Arua
Mama_vitenge, sajili jina kwa barua pepe yako wewe, nywila andika kwenye daftari. Bei weka wazi.

simsim_Lira
Bei usiweke! Jirani atashusha 500 kesho yake.

mpita_njia_Jinja
Mimi ningeanza na ramani ya Google, ni bure, tovuti baadaye. Na picha zipunguze uzito, bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12.

kijana_wa_karatasi
Baadaye lini? Uchaguzi mwingine?

mama_vitenge
Asanteni, webale nnyo. Nimemsomea baba watoto habari ya bibi na choo, amenyamaza, kwa yeye hiyo ni ndiyo. Na gesti_FP, nina wageni Pasaka. Gesti inaitwaje?

gesti_FP
Siandiki hapa, wezi wanasoma. Tafuta kwenye Google.

mama_vitenge
Nimetafuta "gesti Fort Portal". Zimekuja nyingi mno.

gesti_FP
Yenye paka kwenye ngazi.

mama_vitenge
Nimeona mbili zenye paka.

gesti_FP
MBILI? Nitumie hiyo nyingine sasa hivi.