Wanafunzi wa ushonaji nawafundishaje utamaduni na maadili ya mitindo, maana kushona tayari wanajua

Mwl_Cherehani (Tanga)
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mi nafundisha ushonaji na ubunifu wa mavazi hapa Tanga mjini, nina darasa la watu 22, mabinti wengi na vijana wanne wa kiume. Kushona wanajua jamani, hilo siwanyimi haki yao, umpe futi na chaki anakutolea gauni lina zipu ya kujificha na bitana imelala vizuri. Kinachonishinda ni ile sehemu ya utamaduni, mitindo inayokuja na kupita, na maadili ya kazi. Nikifungua daftari nikaanza "utamaduni ni jumla ya mambo..." nusu ya darasa inaangalia dirishani, na siwalaumu.

Sasa wiki iliyopita binti mmoja kaleta gauni la kanga, kazi safi kabisa, kiuno kimekaa, mshono umenyooka. Nikamwambia geuka nione zipu. Jina la kanga lote limemkalia kwenye makalio na herufi zimepinduka miguu juu, na jina lenyewe ni NANI KAMA MAMA. Nikamuuliza umesoma hapa kabla hujakata? Akanijibu kwa adabu tu, "mwalimu, si maua tu haya pamoja na maandishi?" Nikakosa la kusema palepale na limeniuma mpaka leo, kwa sababu hakuwa na kiburi, hajui tu, na mimi ndo nilitakiwa awe amejulia kwangu.

Wiki hiyohiyo mwingine kachukua picha ya gauni la fundi wa Dar, kakata jina la fundi pale chini, kaposti kaandika kazi yangu, akapata oda tatu. Nikamkemea, darasa zima likamtetea eti picha za mtandaoni ni za wote.

Wenzangu mnaofundisha, mafundi, na kina mama mnaouza vitambaa, mngeanzia wapi? Sitaki kuwahubiria, nataka wakae na jambo mkononi.

BiDoti_Ngamiani
Marahaba mwanangu mwalimu. Nimeuza kanga miaka mingi hapa Ngamiani nakwambia usianze na daftari anza na doti. Nunua doti moja mpya, ile bado haijakatwa vipande viwili wala haijapindwa, itandaze juu ya meza ya kukatia wakae wote kuizunguka. Waonyeshe pindo linavyozunguka pande nne, mji pale katikati, na jina linakaa chini ya mji juu ya pindo la chini. Afu wasomeshe jina kwa sauti. Muulize kila mmoja hili ungempa nani, na nani usimpe kabisaa. Hapo mwenyewe utaona darasa linavyoamka maana kila mtoto wa Tanga kwao kuna hadithi ya kanga iliyoleta ugomvi au iliyomaliza ugomvi.

Waletee na kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya bi harusi. Waambie na ilikotoka heshima hii. Bibi zao waliokuwa utumwani huku pwani walivaa kaniki ile ya kukoza na merikani, pamba isiyo na rangi iliyokuja na meli za Marekani. Utumwa ulipofutwa, Unguja ilikuwa 1897, wanawake wengi walichokitafuta ni nguo yenye rangi na maua, wajitande kama watu wengine. Mtu akijua hivyo mkasi unakuwa mzito kidogo mkononi.

Ila kwa gauni mi nasema kanga ikatwe sketi tu na jina lishuke chini kwenye upindo, lisomeke. Kiunoni na makalioni hapana.

fundi_mkongwe
Mwalimu salama. Hapo kwenye maadili naona watu wengi wanakimbilia mambo makubwa wakati maadili ya fundi yanaanzia kwenye mabaki ya kitambaa. Mteja kaleta mita nne, gauni limekula tatu na kidogo, ile iliyobaki ni ya nani? Nimefanya kazi kwa watu ujanani ilikuwa inashonwa mito inauzwa na mteja hajui. Waulize wanafunzi swali hilo tu na wape kipindi kizima wabishane.

La pili wafundishe kutomdanganya mtu kitambaa. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni ya kitenge uzichome na kiberiti, pamba inaungua kama karatasi inanuka karatasi na inaacha majivu laini, poliesta inajikunja inayeyuka inabaki kitone kigumu cheusi ukikibonyeza hakivunjiki. Wafanye wenyewe wote 22 kwa zamu, dirisha wazi na ndoo ya maji karibu. Baada ya hapo hakuna atakayemwambia mteja hii ni pamba tupu bila kuhakikisha, na kwa joto la huku mteja akivaa poliesta mchana kwenye harusi atakukumbuka vibaya.

Hiyo ya picha, binti aandike tu "mshono wa fundi fulani, nimeushona mimi". Oda hazitapungua, mteja anataka kujua kama unaweza, hataki kujua kama umevumbua. Na huyo fundi wa Dar amtumie ujumbe amwombe radhi, mbele yako.

Mwajuma_mitumba
Mi nauza mitumba, naongezea upande wangu. Kila belo nikifungua nakuta lebo za ndani, Bangladesh, Vietnam, Kambodia. Waambie waje na daftari wahesabu lebo kwenye nguo 50 waandike nchi. Halafu uwaeleze Rana Plaza, lile jengo la ghorofa nane karibu na Dhaka lililoporomoka tarehe 24 Aprili 2013, watu 1,134 walikufa na wengi walikuwa mabinti wa cherehani kama hao wako. Nyufa zilionekana jana yake, benki iliyokuwa humo ikawaruhusu watu wake wasije, mafundi wakaambiwa waingie kazini. Nilivyosoma hiyo mara ya kwanza nilikaa na blauzi mkononi nimeigeuza ndani nje naangalia mshono, nikawaza hii kashona nani na kalipwa nini. Hawa wanafunzi kesho watakuwa na vijana wanne watano wanawashonea, wajue kabisa bei ikishuka sana kuna mtu anaimeza hiyo hasara.

kijana_wa_Pangani
Naheshimu sana aliyosema Bi Doti ila hapo kwenye kukata sikubaliani. Kanga yenyewe ilikuwa mtindo mpya siku zake, ilianzia kwenye leso zilizounganishwa kwa kushonwa, mtu aliyeziunga mara ya kwanza naye pengine aliambiwa anaharibu. Na kitenge tunachokiita asili yetu, ufundi wa nta ni wa Java, Waholanzi wakauiga kwa mashine, kile kiwanda cha Vlisco kule Helmond kipo tangu 1846, leo vingi vinatoka China. Ukimwambia mwanafunzi utamaduni hauguswi unamdanganya. Mwambie auguse akijua anachogusa. Kuna koti nimeona jina limewekwa mgongoni kwa makusudi, wima, linasomeka toka mbali, likapendeza na mama mtu akalifurahia.

BiDoti_Ngamiani
Mgongoni wima nakubali mwanangu. Aliyepindua miguu juu ndo ninayemlilia.

Mwl_Cherehani (Tanga)
Ahsanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Jumatatu naanza na doti mezani, na yule binti nimeongea naye, kasema mwenyewe analifumua, kipande cha nyuma atakikata upya kutoka kanga ya pili ili jina lishuke kwenye upindo. Kiberiti Jumatano. Mwajuma nakuja na darasa, niambie siku ambayo hufungui belo tusikuzibie wateja.

Na kijana mmoja kati ya wale wanne kaniambia bibi yake Makorora anashona kofia za viua kwa mkono, kofia moja inachukua wiki na wiki. Nimemwomba aje akae nao asubuhi nzima, wahesabu masaa halafu wapige bei wenyewe. Bi Doti, ile kisutu unaweza kuniazima au ninunue?

BiDoti_Ngamiani
Njoo uchukue, bure. Ila irudi haijaguswa na mkasi.